Mama Buko, Nyumba ya Magurudumu Itapanda Biano

Mpendwa mama buko, wewe uliyemzaa mke wangu,

Kabla ya yote kaa chini, na kama kiti chako kinatazama mlango, kigeuze kitazame ukuta, kama ulivyozoea kufanya kila uliposikia kikohozi changu uani. Anayekusomea ni mwanao Kasongo, shemeji yangu. Kwa hiyo maneno haya yatatoka kinywani mwake, si mwangu, na hakuna mtu wa Kamina wala wa Kolwezi atakayesema kwamba mkwe amemsemesha mama buko wake uso kwa uso. Nimeipima njia hii pande zote kabla ya kushika kalamu. Na wewe, shemeji, soma polepole, usiruke mstari, hata ule unaokutaja. Hasa ule unaokutaja.

Huku Kolwezi tuko wazima. Mama Kapinga, binti yako, anakusalimu, na mjukuu wako Kapinga pia, ambaye sasa ni mrefu kuliko mama yake na anajua hivyo. Mimi siumwi kitu, ila sikai. Nikitoka karakana naizunguka ile gari, napiga teke matairi, naingia, natoka, nafungua boneti, naifunga. Hata Jumamosi ya salongo, wakati sitwayeni wenzangu, raia wema, wanafyeka majani kwa ajili ya taifa, mimi nafyeka huku nikipanda mlima kichwani. Jirani yetu Tata Ilunga ananiuliza kutoka ng'ambo ya barabara: "Unatafuta nini mule kila siku?" Namwambia sijapoteza kitu. "Basi bona unatafuta?" Napiga tena teke tairi. Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka habari ya safari ilivyoanza. Ulirudi kutoka soko la Manika na makayabu, samaki wa chumvi, na yule mama wa samaki alikuwa ameifunga kwa ukurasa wa gazeti la Wazungu wenye picha. Mimi elimu yangu nusu ni ya shule ya mapadri na nusu ni ya karatasi za kufungia samaki, na hiyo ya pili ndiyo iliyonifikisha mbali. Ulikuwa upande wako wa ukuta wa matete, kwenye ile nyumba ndogo ya nyuma tuliyokujengea, mimi upande wangu. Ningenyoosha mkono ningelishika bega lako. Lakini ulimwita mtoto wako aliyekuwa jikoni.

"Muulize bwana yako, hii ya bazungu ni nini?"

"Mama anauliza hii ni nini," Mama Kapinga akasema, kana kwamba nimeziba masikio, na akanipitishia karatasi.

"Mwambie ni nyumba yenye magurudumu. Wanalala ndani, wanapika ndani, wanafuata barabara ya milimani."

"Banakimbia nani?"

"Hawakimbii mtu."

"Nani alikufa kule banaenda?"

"Mwambie hakuna aliyekufa. Wanasimama kando ya barabara, wanakaa kwenye viti, wanatazama mlima."

Kisu chako kilichokuwa kinakata kitunguu kikasimama. Nilidhani unacheka, kwa sababu hapa kwetu mtu hasafiri bila maiti, bila unga au bila amri ya kazi. Kisha nikasikia: "Ile mulima ni kidogo. Biano yetu inaipita."

Siku ile ndipo nilipojua kwamba ulizaliwa juu kule, kwamba baba yako alikuwa mchungaji wa ng'ombe wa Wazungu kwenye malisho ya Biano, na kwamba ulishuka huku kwenye shaba ukiwa msichana, nyuma ya mume, bila kugeuka kutazama, kwa sababu bibi harusi akigeuka watu watasema hataki. Miaka yote tuliyoishi lupango moja, ua mmoja, sikuwahi kulisikia hilo. Ningelisikiaje? Hatukuwahi kusemeshana.

Baada ya hapo, mama, tulianza kupanga safari, mimi na wewe. Watu wengine wote walidhani ni mchezo. Mama Kapinga alichoka haraka kubeba maneno kutoka upande huu wa matete kwenda upande ule. "Mi siko posta," alisema, akaenda zake kwa jirani. Ikabidi tutafute posta nyingine. Wewe ulianza kuzungumza na mbabula yako, ile ya makaa iliyotobolewa vibaya. Mimi nikachagua ndoo.

"Wewe mbabula," ulisema, "kule Biano kunakuwa baridi ya kukata masikio. Mwenye kwenda bila blanketi nzito, asiende."

"Ndoo," mimi nikasema, "blanketi zipo."

"Mbabula, na kuni? Kule hakuna miti. Iko majani tupu mpaka macho inachoka."

"Ndoo, tutabeba makaa kutoka huku."

Waliopita barabarani walimsikia mama mmoja akigombana na mbabula na bwana mmoja akiibembeleza ndoo, na wakaharakisha mwendo. Lakini mimi, mama, sijawahi kuzungumza na mtu kwa urefu kama ule. Karakana tunazungumza kwa kelele za mashine. Nyumbani tunazungumza kuhusu chumvi. Kwako, kupitia vyombo, nilizungumza kuhusu upepo.

Halafu yakaja mawe. Ulipokwenda sokoni, nilichora barabara kwa kijiti kwenye mchanga kando ya pipa la maji: hapa Kolwezi, hapa gari linaanza kupanda, hapa Biano yenyewe, hapa linashuka Luena. Kila mahali pa kulala niliweka jiwe. Jioni nikirudi kazini, mawe yalikuwa yamehama. Jiwe nililoliweka kwenye daraja ulikuwa umelipeleka juu zaidi, nyuma ya kichuguu, na mbabula ikaelezwa kwamba pale kwenye daraja mbu wanabeba mtu, bali nyuma ya kile kichuguu upepo unakatika. Kesho yake nililisogeza kidogo, kwa heshima, kwa sababu gari lisingefika pale. Ukalirudisha. Nikalisogeza. Ukaweka jiwe la pili pembeni, dogo, na mbabula ikaambiwa: "Gari ilale kule kwenye inataka. Mi nitatembea."

Jiwe la mwisho halikuwa langu. Ulilichukua mwenyewe kutoka kwenye bustani, jeupe, ukaliweka mwisho wa malisho. Ukasema, na siku ile hukuitaja hata mbabula: "Pale udongo inakatika, kama mutu alikata mukate na kisu. Chini unaona mayi, Lualaba inalala-lala katikati ya mabwawa, na ndege nyeupe banapita chini yako. Chini yako! Nani alishaona mugongo ya ndege yenye kuruka?"

Niliigeuza ndoo nikaikalia. Mimi nimezaliwa kambini, nimeona mashimo makubwa ya shaba ambayo mtu akisimama ukingoni anaona malori chini kama mende. Lakini mgongo wa ndege anayeruka, hapana, sijauona. Tangu siku ile sikai.

Kuhusu gari, unajua nusu. Ilikuwa kamioneti ya mikate ya yule mwoka mikate Mgiriki aliyeondoka wakati maduka ya wageni yalipogawiwa wenyewe wapya. Mwenyewe mpya alikuwa mtu wa kanisa na wa familia nzuri, ila mkate alijua kuula tu. Tanuru likapoa, kamioneti ikapandishwa juu ya matofali, kuku wakataga ndani. Nilimtengenezea pampu yake ya maji, naye akaniambia niiondoe ile kitu mbele ya macho yake. Niliiondoa. Hata leo jua likiipiga inanukia mkate, na watoto wa jirani wanakuja kusimama karibu bila kujua kwa nini.

Nilitia vitanda vya mbao vya kukunja. Nikatia rafu ya sufuria, na bomba la kutolea moshi. Mama Kapinga akashona mapazia ya maua. Kisha nikaona haitoshi, nikaokota mlango mzuri wa nyumba iliyobomolewa, pamoja na kizingiti chake, nikaupachika nyuma. Nilipomaliza nilisimama mbele yake nikajiona mkubwa kuliko mkurugenzi. Na mtu akijiona hivyo, kinachofuata ni kumwita katekista.

Tata Mukalay alikuja na maji yake ya baraka akaniuliza taratibu, kama fundi wa nguo: "Unataka baraka gani? Ya motokari ni fupi. Ya nyumba ni ndefu, na iko na wimbo."

Mama, nilitaka wimbo.

Akanyunyiza pembe zote nne. Akabariki kizingiti, akabariki wanaoingia na wanaotoka, akabariki mahali pa kulala. Barabara nzima ikaitikia Amina, Tata Ilunga kwa sauti kuliko wote. Na wewe nyuma ya matete ulipiga vigelegele. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kilichokuwa kinafanyika. Tulikuwa tunajifungia barabara kwa maji ya baraka.

Maana Shemeji Kasongo alikuja kutoka Kamina kuzungumzia safari, na wazee wakakaa uani. Shemeji, mstari wako unakaribia, usiharakishe. Alikaa na koti lake la abakosti lililopigwa pasi mpaka linaumiza macho, akainua kidole.

"Mi niko na swali moja tu. Hii kintu ni nyumba ao ni motokari?"

"Ni motokari," nikasema.

"Kitanda iko ndani?"

"Iko."

"Mapazia iko?"

"Iko, lakini—"

"Na katekista alibariki nini hapa, Siku ya Mungu ile yenye kupita?"

"Nyumba!" Tata Ilunga akajibu kabla yangu, shahidi mwenye furaha. "Tuliimba mpaka mwisho!"

Basi. Mkwe na mama buko wake hawalali chini ya paa moja. Hilo hata mtoto analijua. Ndani ya motokari wangeweza kusafiri pamoja, yeye nyuma, mimi mbele nikitazama barabara, kama watu wanavyokaa ndani ya basi. Lakini nyumba ni nyumba, hata ikiwa na usukani.

"Muchana ni motokari, usiku ni nyumba," Mama Kapinga akajaribu kututetea.

"Muzuri," akasema shemeji. "Basi mama atapanda muchana, na usiku atashuka, atalala na mafisi."

Nikasema mimi ndiye nitakayeshuka. Nitalala chini ya gari, juu ya bashi, lile turubai. Nilidhani nimepata. Mjomba wako mzee, aliyekuwa amesinzia toka mwanzo, akafumbua macho.

"Mutoto," akasema, "unataka kulala chini ya kitanda ya mama buko wako?"

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye kiti. Na wewe, mama, nilikusikia. Ulicheka kwanza, halafu ukakohoa ili kufunika kicheko, na kikohozi kikakushinda, ukacheka tena. Nilikuwa nimeaibika mbele ya ukoo mzima, na bado nilifurahi.

Nikasema basi nitalala mbali, peke yangu, kando ya moto. Mama Kapinga akakataa palepale. "Biano? Peke yake? Minaenda na bwana, minarudi na barafu?" Na hakuna ndugu wa kiume aliyejitolea kunisindikiza. Kila mmoja alikuwa na kazi. Hata mjomba, ambaye kazi yake ni kusinzia, alikuwa na kazi.

Ndipo Tata Ilunga, ambaye hakuna shauri asilokuwa na shauri lake, akasema njia ipo. Mama buko mwenyewe anaweza kuufungua mlango. Anapika kuku, anaita wazee, anamkabidhi mkwe sahani kwa mkono wake, na kuanzia siku ile wanasalimiana, wanakula, wanalala penye paa moja bila neno. Wamefanya hivyo wengi kambini. Watu wote wakageukia matete.

Ulichochea moto kwanza. Nilisikia makaa yakipasuka.

"Wewe mbabula," ukasema mwishowe, "wale bote benye kufunguliana midomo, leo banatukanana ku robine ya mayi mbele ya bantu. Mi na ule bwana hatuyagombana hata siku moja. Bona nifungue?"

Mkutano ukaisha. Mama, nitakuambia ukweli kwa kuwa karatasi hii itafika kabla yangu: kwanza niliumia. Nilijisemea, huyu mama anataka Biano kuliko kitu kingine chochote, na kati yake na Biano kuna kuku mmoja tu, na hataki kumchinja kwa sababu yangu. Nilikwenda kulala bila kula. Baadaye, nikiwa juu ya mashine, nikayarudia yale maneno kichwani, nikaona hakuna mtu aliyewahi kunisifu vile maishani. Padri alinisifu siku moja kwa kuimba, lakini alikuwa ananichanganya na mwingine. Wewe ulikuwa na kitu unachokilinda, na nusu ya kitu hicho nilikuwa mimi.

Tukaendelea kupanga hivyo hivyo, mawe yakahama, esanse ya kutia gari ikapotea mjini, ikarudi, ikapotea. Na macho yako yakaanza kuingia wingu. Tulijua kabla hujasema. Ulikuwa unachambua maharagwe na kutupa maharagwe, ukitubakishia kokoto. Tulizitafuna. Kapinga alitema moja kimyakimya mkononi, mama yake akamkanyaga mguu chini ya meza. Siku uliposogeza jiwe kwenye mchanga ukaliweka nje ya barabara kabisa, karibu na banda la kuku, sikulirudisha. Nilichukua kijiti nikaipindisha barabara ipite pale.

Shemeji akakupeleka Kamina kwa daktari. Silaumu. Alifanya linalompasa mwana mkubwa. Nilisimama kituoni nyuma ya nguzo, kama inavyonipasa, nikauona mgongo wako na kile kitambaa cha kijani kikipanda behewa. Ulikaa katikati, kati ya magunia na watu, mbali na dirisha. Na treni ile, mama, hupita Biano gizani.

Siku chache baadaye akarudi yule binamu wa Mama Kapinga mliyesafiri naye, akatuletea neno lako. Alisema ulimshika mkono akarudia mara mbili ili asilipoteze: "Mwambieni ule wa kule. Treni ilipita Biano. Nilisikia baridi, nilisikia harufu ya majani. Sikuona kitu."

Hukusema unanisalimu. Hukusema nije. Lakini ulisema "ule wa kule," na wote walinigeukia mimi, wakajua ni mimi, nami nikatoka nje nikaanza kuizunguka gari. Mpaka leo naizunguka.

Binamu akaongeza habari ya daktari: jicho la kushoto limefunga, la kulia linaona bado vitu vikubwa, na hajui kwa muda gani. Vitu vikubwa. Mama, mlima ni kitu kikubwa.

Sasa sikiliza nilivyopanga. Wakati huu kila mtu anachoma majani, moshi umelala juu ya nchi yote, kutoka hapa Kolwezi huoni hata kilima cha karibu. Kwenda leo ni kwenda kutazama moshi. Mvua za kwanza zitauosha. Mvua kubwa zikija, barabara ya Biano itakuwa utelezi na hakuna gari litakalopanda mpaka kiangazi kingine, na kiangazi kingine sijui jicho lako litakuwa wapi. Kati ya mvua ya kuosha na mvua ya kufunga kuna mlango mdogo. Hapo ndipo nataka kupita.

Nimekwenda Manika ofisini kuomba karatasi ya njia. Karani, kijana mwenye adabu, aliuliza bila kuinua kichwa:

"Nani alikufa?"

"Hakuna."

"Unaenda kununua nini?"

"Hakuna."

Akainua kichwa. "Sitwayeni, sasa unaenda kufanya nini?"

"Kutazama milima. Na mama buko wangu."

Akaweka kalamu. Akanitazama kama anayetafuta mahali ugonjwa unapoanzia. "Na mama buko wako," akarudia. Kisha kwa huruma: "Tuandike mazishi. Mazishi haina maswali." Nikakataa, kwa maana Mama Kapinga alikwisha kuniapisha nisiandike mazishi popote mama yake akiwa hai, kifo kikisoma jina lake kitakuja kuuliza. Tukaandika mambo ya jamaa. Akipiga muhuri akasema, kama anayejisemea: "Mi nilipita Biano na treni, safari mbili. Zote nilikuwa nalala."

Gari sasa ni motokari. Nimeung'oa mlango na kizingiti. Mapazia nimeyashusha, Mama Kapinga ameyashona gauni, anatembea nayo sokoni na watu wanasalimia maua wanayoyajua. Vitanda vinakunjwa mchana, havionekani. Nilimwomba Tata Mukalay aje aondoe baraka ya nyumba, akakasirika, akasema baraka haina njia ya kurudi nyuma. Basi ni motokari iliyobarikiwa kupita kiasi. Siwezi zaidi.

Tutapanda Biano tukija kwako, mimi, Mama Kapinga na mtoto, na nakuahidi sitatazama pembeni. Nitaendesha macho mbele mpaka tushuke Luena, tuvuke Lualaba pale Bukama, tufike Kamina. Sitaki kuona kabla yako. Kutoka Kamina, tukirudi Biano, wewe utakaa nyuma na mtoto wako na mjukuu wako. Mbele, kando yangu, atakaa Shemeji Kasongo.

Ndiyo, shemeji. Umesoma vizuri. Wewe ndiye uliyeuliza swali, wewe ndiye utakayesindikiza jibu. Usiku wanawake watalala ndani, na mimi na wewe tutalala mbali, kando ya moto, ndani ya bashi moja, na abakosti yako uiache nyumbani. Mwana mkubwa wa mama akiwa pale, hakuna mzee atakayefungua kinywa. Na Mama Kapinga amekubali: anasema wanaume wawili hawagandi haraka kama mmoja. Usinijibu kwamba una kazi. Jicho la mama yako halina likizo.

Mama, hayo yote nimeyapata. Limebaki moja tu, na ndilo linalonizungusha.

Pale ukingoni, jicho lako la kulia litakuonyesha umbo: hapa kuna ardhi, hapa hakuna. Mtu atahitajika kukuambia vilivyomo. Nani? Mama Kapinga akifika mahali pa juu anafumba macho na kutafuta mti wa kushika, na wewe mwenyewe ulisema kule hakuna miti. Kapinga atasema "ni kubwa" halafu atanyamaza, ndio umri wake. Shemeji ni mtu wa kuuliza maswali, si wa kueleza. Nimebaki mimi. Mimi ninajua kutazama. Ni kitu pekee nilichojifunza bila mwalimu kunikatiza. Na upepo wa pale, kwa jinsi ulivyousimulia, hautabeba maneno ya mtu anayesema akiwa mbali.

Sikuombi unipikie kuku. Ulichokisema nyuma ya matete nimekielewa, nami pia nataka kibaki kama kilivyo. Ninaomba hivi. Wewe usimame mbele, ukilitazama bonde, mtoto wako amekushika mkono hata kama yeye amefumba macho. Mimi nitasimama nyuma yako, kwa umbali wa mtu mwenye adabu, nami nikilitazama bonde. Sitauona uso wako, hutauona wangu. Nitasema kilichopo, kimoja baada ya kingine, na sitasema kisichokuwepo. Nimewazungukia wazee wote, hata mjomba nimemwamsha. Wote wanakumbuka kwamba mkwe na mama buko wamekatazwa kutazamana. Hakuna anayekumbuka kwamba wamekatazwa kutazama kitu kimoja.

Barua hii anaichukua dereva wa lori la unga anayeondoka leo. Jibu lako haliwezi kunifikia kwa wakati, najua. Tangu jana mawingu yamejaa upande wa Mutshatsha na mchana huu matone yamegonga bati, machache, kama mtu anayejaribu mlango. Kwa hiyo usijibu. Kunja blanketi, funga kitambaa cha kijani, kaa tayari. Jibu utanipa palepale ukingoni. Ukisema neno moja, hata kama ni kwa upepo, nitaanza kueleza. Ukinyamaza, nami nitanyamaza nyuma yako, na tutakuwa tumefika.

Baki na Mungu, mama. Lile jicho la kulia lipumzishe, usilichoshe na mambo ya Kamina. Naenda kutia maji kwenye radiata.

Mimi mkweo, mume wa mtoto wako,
Tata Kapinga